Kufomati Hakuzai Gigabaiti

“Fundi, naomba programu ya kutoa kirusi kwenye flashi yangu ya TB 2.”

Swali hili huja kwa sauti nyingi lakini halibadiliki. Pengine ni flashi, pengine kadi ya memori, pengine ile inayoitwa SSD ya nje ya TB 16, yenye bati linalong'aa na uzito usiotosha hata kuzuia karatasi isipeperuke. Mwenye nayo ni kijana aliyechoka kufuta gemu moja ili apate nafasi ya nyingine kwenye laptopu yenye diski ya GB 256. Amenunua, amekopi GTA V, FIFA mbili na gemu nyingine kadhaa, na vyote vimeingia bila malalamiko. Majina yanaonekana. Ukubwa umeandikwa. Akibofya, gemu inafunguka nusu kisha inajifunga yenyewe, au Windows inamwambia diski ifomatiwe kabla ya kutumiwa. Anafomati, inapona. Anakopi upya, “kirusi” kinarudi.

Hakuna kirusi. Hakuna TB 2 pia. Kilichomo ndani ya ganda hilo ni GB 8, au 16, au 64 ikiwa muuzaji alikuwa na huruma, na mitambo yote ya kufomati iliyopo duniani haitaongeza hata baiti moja. Ningeishia hapa, lakini najua nikiishia hapa swali litarudi kesho likiwa limevaa shati jingine, kwa hiyo tulichane.

Flashi ina sehemu mbili zenye maana: chipu za kumbukumbu zinazobeba data, na kidhibiti, yaani chipu ndogo inayozungumza na kompyuta. Unapochomeka flashi, kompyuta haihesabu chipu. Inakiuliza kidhibiti: una sekta ngapi? Kidhibiti kinajibu namba, na kompyuta inaiamini, kwa sababu mfumo mzima wa USB umejengwa juu ya imani hiyo. Namba yenyewe huandikwa kiwandani kwa programu maalumu, na programu hizo zimevuja miaka mingi iliyopita. Mtu anachukua flashi ya GB 16, mara nyingi yenye chipu zilizokataliwa na kiwanda halisi, anaandika namba ya TB 2, anachapa “2TB” kwenye ganda, basi. Ni mwenye nyumba ya vyumba vinne aliyepaka namba 1 hadi 500 kwenye ukuta wa nje na kuanza kupokea kodi.

Wapangaji wa mwanzo wanaingia salama, na hapo ndipo utapeli huu unapopata nguvu yake. Ukikopi nyimbo na picha za harusi, GB 5 au 6, kila kitu kinafanya kazi. Unarudi dukani kumsifu muuzaji. Unamwelekeza na shemeji yako. Tatizo linaanza data inapopita uwezo wa kweli, na hapo vidhibiti vina njia mbili. Vingine hupokea data, hujibu “sawa, nimeandika,” kisha huitupa. Vingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya data ya zamani. Kompyuta haijui lolote kati ya hayo. Mstari wa kukopi unafika mwisho na kufunga kidirisha kwa adabu.

Sasa angalia kwa nini majina ya mafaili yanabaki. Katika FAT32 na exFAT, mifumo inayotumika kwenye karibu flashi zote, orodha ya mafaili huandikwa kwa kawaida kuelekea mwanzo wa diski, yaani ndani ya ule uwezo wa kweli. Kwa hiyo jina lipo, tarehe ipo, ukubwa wa GB 40 upo, na yote hayo ni maandishi ya daftari tu. Mzigo wenyewe haupo ghalani. Na pale kidhibiti kinapokuwa cha aina ya pili, kile kinachorudi mwanzo, hatimaye data mpya hulala juu ya daftari lenyewe. Hapo Windows, isipolikuta daftari, hudai diski ifomatiwe. Ukiifomati unaandika daftari jipya tupu, na flashi inaonekana imepona. Haikupona. Umefuta orodha ya wapangaji ambao hawakuwahi kulala humo.

Gemu hufichua uongo huu haraka kuliko kitu kingine chochote. Picha moja ikiharibika kati ya elfu tatu, hutaijua hadi siku ya msiba. Filamu ikikatika sehemu ya katikati, unalaumu aliyeirekodi. Lakini gemu ya leo imefungwa ndani ya mafaili makubwa ya gigabaiti kadhaa kila moja, na ndani yake kila kipande kina mahali pake maalumu. Kipande kimoja kikisoma takataka, gemu inaanguka. Ukiiambia Steam, programu ya kununua na kupakua gemu, ikague mafaili, inakuta maelfu hayafai na kuanza kuyapakua upya, na hilo ni bando lako. Kisha inayaandika palepale, kwenye nafasi isiyokuwepo. Nimeona watu wakichoma bando la mwezi mzima wakimwaga maji kwenye pakacha kwa namna hiyo, huku wakitafuta antivirusi nzuri zaidi.

Tupite kwenye dawa za mitaani moja baada ya nyingine. “Fomati kwa NTFS badala ya FAT32.” Umebadilisha muundo wa daftari, ghala ni lilelile. “Ondoa alama ya kufomati haraka, ifomati kwa kirefu.” Itachukua saa nyingi, itaisha kwa ujumbe wa mafanikio, kwa sababu kidhibiti hujibu “sawa” kwa kila sekta inayoguswa, hata ile ambayo haijawahi kuzaliwa. “Endesha chkdsk.” Hiyo ndiyo hatari kuliko zote, kwa kuwa inaleta matumaini: itakuundia folda iitwayo FOUND.000 yenye mafaili ya .CHK, na utakaa usiku kucha ukijaribu kuyabadilisha majina ili yawe gemu. Hayawi. “Low level format,” husema mwingine kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa siri. Programu hizo zinaandika sifuri, na sifuri nazo zinatupwa kama zilivyotupwa gemu. Kuna na ile ya kuiweka flashi kwenye friza. Hiyo siijibu.

Kuhusu antivirusi: virusi vya flashi vipo, na vile vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato vilitusumbua miaka mingi. Lakini kirusi kinachofuta tu kile kilichozidi GB 16 na kuacha kilichotangulia kikiwa salama hakijaandikwa na mtu.

Kama mantiki ya kidhibiti inakuchosha, tumia mantiki ya bei. Kingston walipotangaza flashi ya TB 2, DataTraveler Ultimate GT, Januari 2017, lilikuwa pande la chuma nene kuliko kidole gumba na liliuzwa kwa bei ya kutafutiwa mkopo. Tangu hapo bei zimeshuka, na flashi za kweli za TB 1 na zaidi zipo madukani, lakini chipu za kumbukumbu zilizomo ndani yake ni jamaa wa zile zilizomo ndani ya SSD, na hakuna kiwanda kinachozigawa sadaka. Ukikuta flashi ya TB 2 inauzwa sehemu ndogo tu ya bei ya SSD ya TB 2 ya kampuni inayojulikana, jiulize mwenye duka anakula nini. Na SSD ya nje ikitajwa kuwa TB 16 au TB 30 kwa bei ya viatu, usipoteze hata muda wa kujiuliza. Mwaka 2022 zilisambaa picha za “SSD ya TB 30” iliyopasuliwa: ndani mlikuwa na kadi mbili za memori zilizobandikwa kwa gundi ya moto. Umbo lilikuwa zuri, hilo nakubali.

Watakaosema “lakini yangu ni ya SanDisk,” ganda bandia la SanDisk linachapwa kwa mashine ileile inayochapa ganda lisilo na jina. Na watakaosema flashi yao ya GB 64 inaonyesha GB 58, hao watulie. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa bilioni, Windows huhesabu kwa 1,073,741,824, na vilevile nafasi kidogo hubaki kwa kazi za ndani. TB 2 halali huonekana kwenye Windows kama 1.81. Huo si wizi. Wizi ni ule usioonekana.

Kwa hiyo programu unayoihitaji ni ya kupima. Kwenye Windows tumia H2testw, programu ndogo ya bure iliyotoka kwa jarida la Kijerumani la c't. Inajaza flashi kwa data inayoijua, kisha inaisoma yote tena na kulinganisha. Kwenye Linux na Mac ipo F3, ya Michel Machado, inayofanya kazi hiyohiyo. Kasoro yake ni muda. TB 2 kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, kiwango cha kawaida cha tundu la USB 2.0, ni zaidi ya saa 18 za kuandika peke yake. Kwa flashi ya bandia inayojikokota kwa megabaiti 5, ni zaidi ya siku nne. Wauzaji wanalijua hilo. Warranti ya siku tatu haikuandikwa kwa bahati mbaya. Ndiyo maana napendelea kwanza ValiDrive ya Steve Gibson, iliyotoka 2023: inagusa sehemu 576 zilizotawanywa sawasawa kwenye diski nzima, inaandika na kusoma, na ndani ya dakika chache inakuchorea ramani ya kilichopo na kisichopo. Nenda dukani na laptopu yako. Pima kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatanuna.

Ukishajua uwezo wa kweli, inawezekana kuitengea flashi hiyo sehemu moja ya GB 14 na kuacha uongo wote nje, na F3 ina amri ya kufanya hivyo. Itumie kubebea mafaili ya kuchapisha stationery. Usiiwekee kitu utakacholia kikipotea, maana chipu zilizokataliwa kiwandani zilikataliwa kwa sababu.

Imani ya kufomati haikutoka hewani, na nadhani najua ilikotoka: vibanda vya PS2. Mashine hiyo ya mwaka 2000 bado inapiga kazi mitaani kwetu, na nyingi zimeacha DVD kabisa kwa sababu lenzi zimechoka. Zinaendeshwa kwa Open PS2 Loader, OPL kwa kifupi, gemu zikiwa kwenye flashi au diski ya nje. Na OPL kweli ina ugonjwa unaotibiwa kwa kufomati. Matoleo yake ya zamani yanataka kila faili la gemu liwe limelala mfululizo, bila kukatwakatwa. Ukifuta PES moja na kuweka nyingine kubwa zaidi, faili jipya linajazwa kwenye mapengo, linakatika vipande, na OPL hiyo inakataa kulifungua. Dawa ni kuhamisha vyote kwenye kompyuta, kufomati, na kurudisha gemu moja baada ya moja. Hapo kufomati kunatibu, kwa sababu ugonjwa ni wa mpangilio. Mafundi wa vibandani walijifunza hilo vizuri, wakalifundisha, na likasambaa hadi kwenye maradhi ambayo halihusiani nayo.

PS2 ina funzo jingine ambalo halikusambaa vya kutosha. Matundu yake ya USB ni ya 1.1, yenye kasi ya juu ya megabiti 12 kwa sekunde, na kwa vitendo ni megabaiti moja hivi. DVD yake yenyewe husoma kwa zaidi ya megabaiti 5. Ndiyo maana gemu ya San Andreas kwenye flashi inachechemea kwenye vipande vya video na sauti za magari zinachelewa, hata flashi iwe ya USB 3.2 ya bei gani. Watu hubadilisha flashi mara tatu wakati mlango wenyewe ndio mwembamba. PS2 hiyohiyo, ile nyembamba ya kuanzia 2004, ina tundu la waya wa mtandao lenye megabiti 100. Ukiunganisha waya hadi kwenye kompyuta kuukuu yenye folda ya gemu iliyoshirikishwa, OPL inaisoma kupitia mtandao na gemu nyingi zinakwenda kwa ulaini ambao USB haitaufikia. Folda moja, mashine nne kibandani, hakuna flashi ya kuibiwa.

Zipo tahadhari mbili. OPL inatumia toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushirikisha mafaili, ambalo Microsoft waliacha kulisakinisha moja kwa moja kuanzia Windows 10 ya Oktoba 2017. Ndiyo sababu wengi walipoboresha Windows zao mashine ziliacha kuonana, na fundi akasema waya umekufa. Unaweza kuliwasha, lakini lile ndilo toleo ambalo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 na kufunga kompyuta kuanzia hospitali za Uingereza hadi viwanda. Liwashe kwenye kompyuta kuukuu isiyo na kazi nyingine na isiyounganishwa na intaneti. Usiliwashe kwenye kompyuta yenye mahesabu ya duka. Ama habari ya hakimiliki ya gemu zinazokaa ndani ya folda hizo, hiyo ni makala nyingine, na haitawafurahisha wengi.

Turudi kwenye kompyuta, kwa walionunua flashi ya kweli na bado hawafurahi. Flashi imeundwa kubeba: inapokea faili kubwa, inalihifadhi, inalitoa. Gemu haisomi hivyo. Inachota vipande vidogo vidogo huku na kule, maelfu kwa dakika, na kuandika vingine katikati. Vidhibiti vya flashi nyingi ni dhaifu kwa kazi hiyo na ganda halina pa kutolea joto. Ile kasi ya megabaiti 150 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kusoma faili moja kubwa, tena kwenye tundu la USB 3. Katika kuandika, flashi nyingi huanza kwa mbio, sehemu ya haraka ikijaa zinashuka hadi megabaiti 10 au 20. Flashi yako si mbovu. Unaitumia kwa kazi isiyo yake.

Na kuna wale wanaohamishia gemu kwenye diski ya nje ili “kompyuta iwe nyepesi.” Gemu ikiendeshwa, inapandishwa kwenye RAM na kwenye kadi ya picha ileile, popote ilipotoka. Diski inaamua utasubiri muda gani kabla ramani haijafunguka, na kama gari litaingia mtaani kabla ya nyumba kuchorwa. Haiongezi fremu. Kitu pekee utakachokipata ni nafasi kwenye diski ya ndani, na kama diski hiyo ilikuwa imejaa hadi pomoni, kweli Windows itapumua. Vilevile kukopi folda ya gemu na kuipeleka kwa jirani hakutoshi: gemu nyingi zinahitaji maktaba za DirectX na Visual C++ kwenye mashine husika, na hatua ulizofikia mara nyingi zimehifadhiwa kwenye Documents au AppData, wala si ndani ya folda uliyoibeba. Usije ukalia kwamba ligi yako ya misimu kumi imeliwa na flashi.

Sasa ya kufanya, haraka haraka.

Kama bajeti ni ndogo na gemu zako ni za zamani kidogo, diski ya nje ya kuzunguka ya inchi 2.5 inatosha. Inasoma mfululizo kwa megabaiti 100 na ushee, lakini kichwa chake hufanya safari kama mia moja tu kwa sekunde, kwa hiyo gemu mpya za dunia kubwa zitakwamakwama. Bora zaidi: nunua SSD ya SATA, ya kampuni inayojulikana, na kasha lake la USB 3, megabaiti 400 na zaidi, bila kelele, na ukipata laptopu yenye nafasi ya SATA unaihamishia ndani. Chomeka kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, kwa kebo fupi iliyokuja nayo. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ya kuzunguka wakati wa kuanza hutaka karibu kiasi hicho chote au zaidi. Ile “tik, tik” unayoisikia ni njaa ya umeme. Kuna kifaa cha kugawa tundu moja kuwa manne? Kitoe.

Fomati iwe NTFS kama ni ya Windows pekee. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na ndiyo maana unaambiwa faili ni kubwa mno wakati nafasi tele inaonekana. exFAT inapokea, lakini haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, na umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kuvurugika vibaya. Katika nchi ambayo tokeni za umeme za LUKU huisha saa nne usiku, hilo ni jambo la kufikiria. Ipe diski herufi ya kudumu kwenye Disk Management, G kwa mfano, ili Steam isipoteze maktaba yake kila ukichomeka simu kwanza. Kwenye Steam ongeza folda ya maktaba kupitia mipangilio ya hifadhi na uhamishe gemu kutoka humohumo. Usikate na kubandika kwa mkono. Gemu za programu ya Xbox kwenye Windows nazo zina masharti yake. Zihamishe kwa programu yenyewe tu.

PS4 inakubali diski ya nje tangu toleo la 4.50 la Machi 2017: iwe USB 3.0, kuanzia GB 250 hadi TB 8, na ichomekwe moja kwa moja. PS5 inaweza kutunza gemu za PS5 kwenye diski ya USB tangu Aprili 2021 lakini haitazicheza kutoka humo. Za PS4 itazicheza. Xbox Series ni hivyohivyo: za kizazi kipya zinatunzwa nje, zinachezwa ndani. Si hitilafu wala si choyo. Gemu hizo zimeandikwa zikitegemea SSD ya ndani, ambayo kwa PS5 ni GB 5.5 kwa sekunde, na diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB la mashine hizo haitazifikisha hapo. Kutunza kwenyewe kuna faida kubwa: kurudisha gemu ya GB 100 kutoka diski ya nje ni dakika, kuipakua upya ni bando. Ukishaikabidhi diski kwa PlayStation inafutwa yote na kompyuta haitaielewa tena, kwa hiyo usitoe ile yenye picha za mama.

Ukitaka gemu za kompyuta zikae kwenye folda ya mtandao, usijisumbue kwa Wi-Fi. Kwa waya wa gigabiti utapata megabaiti kama 110 kwa sekunde, sawa na diski ya kuzunguka. Kwa ruta yenye matundu ya megabiti 100, na nyingi zinazogawiwa na watoa huduma ni hizo, utapata 11. Gemu ya GB 100 ni dakika 15 kwa moja, saa mbili na nusu kwa nyingine. Waya wenye nyuzi nne zinazofanya kazi kati ya nane hushuka hadi megabiti 100 kimyakimya, kwa hiyo kagua viunganishi kabla ya kulaumu ruta. Herufi uliyoipa folda ya mtandao, Z kwa mfano, haionekani kwa programu iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi, na ndiyo sababu gemu inasema haioni folda ambayo wewe unaiona. Baadhi ya walinzi dhidi ya udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni hukataa kabisa kuendeshwa kutoka folda ya namna hiyo. Njia inayopita vikwazo vingi ni iSCSI, itifaki ya kutumia diski kupitia mtandao, ambayo NAS nyingi, yaani hifadhi za mtandao, zinayo: Windows inaiona kama diski halisi na gemu haziulizi. Sharti ni moja. Kompyuta mbili zisiishike diski hiyohiyo kwa wakati mmoja, la sivyo zitaandika moja juu ya nyingine, na mtaniletea mkisema ni kirusi.

Kwa nyumba yenye kompyuta mbili tatu, au kibanda, mara nyingi huhitaji hata hilo. Tangu Februari 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kati ya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani: moja ikishapakua, nyingine inavuta kutoka kwake badala ya intaneti, kwa kasi ya waya wenu. Nendeni kwenye mipangilio ya upakuaji, ruhusuni uhamishaji wa ndani kwenye mashine zote, na mashine yenye gemu iwe imewashwa, Steam imefunguka, na haichezi kitu wakati huo.